Mlima Ukitazamwa Kutoka Mlangoni

Mwanangu Njeru,

Barua hii haina salamu. Umelala hapo nyuma yangu na unakoroma kama babako, kwa hiyo sina haja ya kukuuliza hali. Filimbi ya kuzima taa bado haijapigwa. Leo ni zamu ya Ireri langoni, na yeye huichelewesha akijua mimi naandika. Nitaandika mpaka atakapochoka kunihurumia.

Sitakwambia uoge, wala usikopeshe blanketi lako, wala uwaangalie vizuri watu wa Nairobi. Hayo nimeyasema tangu ulipofika, hata ukaanza kunimalizia maneno mdomoni. Nina jambo moja tu. Asubuhi ukiamka utakuta sipo. Usishtuke, na usiniite kwa sauti kijiji kizima kikasikia. Nitakuwa nimetangulia mahali. Soma hii kabla hujavaa viatu, halafu ushuke barabarani ukalisubiri gari la Bwana Lalji.

Ulipokuwa unakula jioni hii nilikuuliza safari inaanzia wapi na kuishia wapi. Ukanieleza vizuri, kama mtu aliyekwisha kwenda akarudi.

"Tutapita Embu, halafu Nairobi, halafu barabara ya Mombasa mpaka mwisho wake. Tukirudi tunashika Bonde la Ufa, tunaishia Kisumu. Ni kalenda ya mwaka ujao, mama. Kila mwezi na picha yake ya nchi."

"Na mwezi wa kwanza?"

"Ni mlima. Bwana Lalji amepata mahali hapa karibu. Anasema pako wazi, hakuna kitu kinachoziba. Mlima unaonekana wote mpaka miguuni."

"Mahali gani?"

Ukaacha kutafuna. Ukaangalia bakuli kana kwamba jibu limeanguka humo.

"Kule kwetu," ukasema. "Kwetu kwa zamani."

Pako wazi kweli. Bwana Lalji ana jicho zuri. Pamekuwa wazi tangu siku tulipoambiwa tuhamie huku kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki, na huku nyuma nyumba zetu zikatiwa moto. Ya babako ilitangulia kwa sababu ilikuwa juu ya kilima na upepo ulikuwa mzuri. Wewe ulikuwa mjini, Majengo, kwa shangazi yako na hukuona. Nilipokuongezea mahindi na maharagwe ulidhani sikusikia ulichosema. Nilisikia. Nilikuwa nafikiri, na mimi hufikiri vizuri nikiwa na mwiko mkononi.

Hili nakupa ulichukue mpaka Kisumu. Ukifika mahali ukasikia watu wanasifu jinsi palivyo wazi, uliza kwanza kwa nini pako wazi. Pengine Mungu ndiye aliyepaumba hivyo. Pengine si yeye.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia, kwa sababu linanichekesha na sikutaka unicheke kabla yangu. Kazi hiyo yenu ya picha mimi niliingia kabla yako. Ilikuwa kabla ya Hali ya Hatari. Nilikuwa natoka msituni na mzigo wa kuni, kamba kwenye paji la uso kama kawaida. Katika ule mzigo mlikuwa na kijiti kimoja kilichopinda kama mguu wa mbuzi, kikinichoma ubavu tangu nilipojitwika. Barabarani nikakuta gari, na mwanamume mfupi amejifunika kichwa kitambaa cheusi. Akatoa kichwa akasema, "Simama hapo, mama. Hapo hapo."

Nikasimama. Ningekataaje? Nilidhani anapiga picha yangu mimi. Nikanyoosha shingo, nikatengeneza na uso, uso wa mtu ambaye kuni hazimwelemei. Yule bwana akangoja. Kumbe alikuwa anangoja wingu liondoke kwenye kilele. Wingu nalo halikuwa na haraka na mtu. Nilisimama mpaka magoti yakaanza kuzungumza. Mwishowe akasema, "Asante, mama, nenda," na mimi nikaenda zangu, nimejaa fahari, sijui hata naitwa nani.

Miezi mingi baadaye nilikuja Majengo kukuona. Shangazi yako akanituma duka la mumewe nichukue utumbo. Ukutani, juu ya ndoano za nyama, palikuwa na kalenda mpya yenye picha ya mlima. Unamjua mume wa shangazi yako, hawezi kukata nyama bila kuhutubu.

"Tazama nchi hii, shemeji," akaniambia, kisu mkononi. "Nzuri mpaka basi. Na haina mtu hata mmoja."

"Na hiki cheusi hapa chini?"

Akasogea, akakunja macho. "Hicho ni kisiki."

"Kisiki kina kuni mgongoni?"

Akatazama tena. "Basi ni mwanamke. Lakini huyo wamemweka tu, shemeji, ili mlima uonekane mkubwa."

Sikumwambia. Kile kijiti kilichopinda kilionekana vizuri kuliko pua yangu. Hivyo ndivyo nilivyojijua, kwa kijiti. Mwezi ule ulipokwisha akanifungia utumbo kwa karatasi ile ile, nikaenda nayo nyumbani ikiwa na damu kwenye kilele. Karatasi kama hizo ndizo zilizonifundisha kusoma. Kwa hiyo majina ya miezi nayajua vizuri kuliko amri kumi.

Niliudhika siku kadhaa, kisha ikanipita. Mlima bila mtu chini yake ungeweza kuwa kichuguu, nani angejua? Mimi ndiye niliyeufanya uwe mlima. Kuwa kipimo si kazi ya aibu. Kilichobaki kunikera mpaka leo ni kimoja tu. Bwana Lalji, maana alikuwa ni yeye huyo huyo tajiri wako, hakuniambia nitue. Angesema, "Tua kwanza, mama, wingu bado," ningemwekea uso mzuri zaidi na magoti yangu yasingeteta. Nawe siku moja utakuwa chini ya kile kitambaa. Sitaki ubishane nami, utakuwa. Siku hiyo, mtu akisimama kwa ajili yako, mwache kwanza atue.

Najua kazi yako ya sasa. Ulinieleza mwenyewe bila kujua unanieleza nini. Bwana Lalji akiingiza kichwa chini ya kitambaa, wewe unakimbia mbele kumsafishia njia ya macho. Unaswaga mbuzi, unaondoa nguo zilizoanikwa, na watu unawaambia taratibu, "Sogeeni kidogo, baba. Tusaidie, mama." Watu wanasogea kwa sababu una adabu. Ukanieleza pia, ukicheka, kwamba wingu likimkosesha picha yeye hungoja arudi dukani, achukue wingu la picha nyingine alibandike. Mawingu ya Naivasha yanakaa juu ya Chuka na hakuna anayeyauliza pasi ya kusafiria.

Nilicheka nawe. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mimi nimekuwa nikimfanyia babako kazi hiyo hiyo.

Unajua nilimwandikia kule kambini alikozuiliwa, kuhusu moto, mara tu ulipozimika. Nilieleza kila kitu, nilikuwa bado na hasira na wino. Akajibu baada ya muda mrefu, "Barua yako imefika ina madirisha." Wasomaji wa kambi walikuwa wameitembezea mkasi. Kila palipokuwa na moto palikuwa na tundu. Akasema ameweza kusoma jina langu, na kwamba kuku wanataga.

Iliyofuata nikaiandika kama barua zote zinavyoandikwa. Wewe umesoma na unazijua: nakusalimu sana, sisi hapa nyumbani wote salama, hofu ni kwako uliye mbali. Hata mtu ambaye jana amezika huandika hivyo, ndipo chini aeleze aliyekufa. Mimi chini sikueleza, maana mkasi ulikuwa unaningoja. Ikafika nzima. Babako akajibu kwa furaha, "Nashukuru kwamba nyumba ni salama."

Mimi sikusema nyumba. Nilisema nyumbani. Lakini mtu aliye kambini, kwenye lile vumbi jekundu, utamlaumu vipi kwa kusoma anachokitaka? Ningeweza kumsahihisha. Nikaandika kuhusu mvua.

Toka hapo ile nyumba imekuwa ikikua. Akaandika kwamba akirudi ataiezeka mabati. Akaandika atatoboa dirisha upande wa mlima ili asiwe anainuka kila asubuhi kuuangalia mlangoni. Akauliza kama mchwa wameingia kwenye mhimili wa mlango. Nikamjibu kwamba mchwa hawajaugusa. Hawajaugusa kweli, mchwa hawali majivu. Unaona jinsi nilivyokuwa fundi. Kila barua nilibandika wingu dogo, na kila wingu lilikuwa la kweli mahali fulani, ila si pale.

Sasa wanaume wameanza kurudishwa. Muriuki wa ng'ambo ya mto alirudi kabla ya mavuno. Lori lilimwacha barabarani, na yeye, badala ya kuja huku kijijini ulipo mlango wa mkewe, alipanda moja kwa moja kwao kwa zamani. Alisimama pale mpaka jua likaegemea. Mkewe alimfuata na uji kwenye kibuyu. Nilikuwa napalilia shamba la jirani, nilisikia.

"Ulijua?" akamuuliza.

"Nilijua."

"Na uliniandikia."

"Nilikuandikia usife."

Akaupokea ule uji na kuunywa, maana njaa ni njaa. Kisha akarudisha kibuyu na kushuka upande wa pili wa kilima. Hajaonekana tena. Mkewe bado anachota maji ya watu wawili.

Njeru, babako akirudi sitaki aniulize neno hilo. Miguu yake naijua, najua atapanda kilima kwanza kabla ya kuja huku. Nataka apande akijua anakwenda kuona nini. Na nimejaribu. Juzi juzi nimeandika tena ukweli, kwa maneno ya kuzunguka, ikarudi na madirisha makubwa kuliko ya kwanza.

Lakini mkasi haukati mlima. Hilo ndilo nililokuwa nafikiri na mwiko mkononi.

Picha ya nchi hakuna anayeiogopa. Bwana wa kambi ataitazama aone kilima, mti na mwanamke. Atasema ni nzuri na kuipitisha. Kwake haitakuwa na neno lolote. Babako ataisoma yote.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye kama nilivyosema, si kama utakavyoona inapendeza. Bwana Lalji akishapata mlima wake wa kalenda, mwombe picha moja ya kwako. Mafiga yetu matatu bado yapo. Hakuna aliyeyachukua, watu wana heshima ya ajabu na mawe ya jikoni. Weka miguu ya kamera hapo kati yake, na uishushe iwe kimo cha mtu aliyeketi kwenye kigoda akiota moto. Elekea mlima. Utaona ule mti wa muringa wa mpakani. Ukiwa umekaa sawasawa, kilele kinakaa juu ya muringa kama chungu kwenye kata. Ukisogea hatua moja, kinaanguka. Babako alikitazama hivyo kila asubuhi tangu aliponioa, kupitia mlangoni, akingoja uji. Hakuna mahali pengine duniani mlima unakaa hivyo.

Mimi nitasimama palipokuwa mlango.

Akiiona atajua mara moja ameketi wapi. Atajua yuko ndani, karibu na moto wake, na mbele yake ni mimi kizingitini. Halafu ataona kwamba upande huu wa bega langu pana anga, na upande ule pana anga. Hapo atakuwa ameelewa, na atakuwa na muda wa kukasirika kule kule akiwa mbali, mpaka hasira ichoke njia.

Chini kulia utaona kijiji hiki, ua wake na handaki lake. Kiache. Bwana Lalji atataka kukikata, usikubali. Wingu likija, liwe la siku hiyo. Mtakapolala Nairobi mwombe akusafishie ile picha, au uisafishe mwenyewe kama ulivyojifunza. Nyuma yake andika jina la babako na nambari yake ya kambi, basi. Gari litapita karibu na ile kambi mkiwa njia ya Mombasa. Iache langoni. Ukiruhusiwa kumwona, mwone. Usiporuhusiwa, usibishane na mtu mwenye bunduki juu ya mambo ya mapenzi, endelea na safari. Nataka ufike Kisumu. Ukinirudia hapa kwa huruma nitakufukuza na mwiko.

Lango nimekwisha lipanga. Mchana nilimfuata Ireri.

"Kesho nataka kutoka kabla ya wengine kuhesabiwa."

"Uende wapi, mama?"

"Kwangu."

"Kwako ni hapa, mama."

"Hapa ni pako wewe mwenye filimbi."

Akachora chini kwa kiatu. Ni mtoto wa ndugu ya babako, nilimfuta kamasi kabla hajajua ni kamasi. "Wakikukuta kule nitasema sikukuona," akasema.

"Sema hivyo. Una mazoezi."

Nilitaka limchome, na lilimchoma, na usiku huu najuta kidogo. Siku ile ya moto alikuwa miongoni mwa waliotumwa wakiwa na mienge. Lakini kabla ya kuwasha aliingia ndani na kutoka na kigoda cha babako, akakiweka kwenye nyasi mbali na joto, bila kuniangalia. Ndicho nilichokalia sasa. Mkono mmoja kigoda, mkono wa pili mwenge. Nimejaribu miaka hii yote kuamua ni mkono upi ulio wake na nimeshindwa. Huko uendako utakutana na wengi wa namna hiyo. Usiwe na haraka ya kuwapanga.

Sasa sikia, maana filimbi ya kwanza imelia, ile ndogo ya kunionya.

Kesho mtafika mapema, mlima haujajifunika. Bwana Lalji atasimamisha kamera yake pale pembeni anapopapenda. Ataingia chini ya kitambaa na kutazama kwenye kile kioo kinachogeuza mambo miguu juu. Ataona kilele kiko chini na nyasi ziko juu, na katikati kitu cheusi kinaning'inia. Atatoa kichwa na kusema, kama anavyosema kila siku, "Njeru, mtoe yule mama."

Nakujua. Miguu yako itaanza kukimbia kabla hujafikiri, kwa sababu una adabu na unaitaka kazi. Izuie. Safari yako inaanzia hapo, si barabarani.

Usinitoe. Mwambie, "Yule ni mama yangu, na pale ni mlangoni kwake. Piga mlima wako, Bwana, yeye atakaa chini kwenye nyasi usimwone. Halafu nipe picha moja asimame." Sema kwa sauti ya kawaida, usiombe kama mtu aliyevunja sahani. Akikunja uso, muulize kama anamkumbuka mama wa kuni aliyemngojea wingu, mwenye kijiti kilichopinda kama mguu wa mbuzi. Mwambie amekuja tena, na safari hii ametua.

Halafu usikimbie mbele. Baki nyuma kwenye mafiga, ingiza kichwa chini ya kitambaa, uutafute muringa, ukiweke kilele juu yake. Mimi sitatabasamu wala sitapunga mkono. Nitakuwa nimeupa mlima kisogo na kuelekea kwenu, mikono mitupu, ili babako aone hakuna nilichoshika nyuma.

Ireri amepiga. Nazima.

Mama yako,
mlangoni